Muda uliopotea kabla ya kushuka kreta: uchambuzi wa kisa kimoja cha safari ya siku moja Ngorongoro

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha safari ya siku moja kutoka mjini Arusha kwenda Kreta ya Ngorongoro, iliyofanyika mwezi wa Juni kwa gari moja lililobeba abiria sita wasiofahamiana, kila mmoja akiwa amelipia kiti chake. Safari iliisha salama, wanyama walionekana, na hakuna aliyeumia. Hata hivyo abiria wanne kati ya sita walirudi wakiwa na hasira, wawili walirudi wakiwa na aibu ambayo kwa maoni yangu hawakustahili, na kampuni iliyowapeleka ilijibu malalamiko yao kwa namna iliyoongeza uchungu. Nimesikia maelezo ya mwongoza watalii aliyekuwa usukani na ya baadhi ya abiria wake, na nimeona daftari la gari ambamo aliandika saa ya kufika na ya kuondoka kila kituo. Daftari hilo ndilo linalofanya kisa hiki kiweze kuchambuliwa, kwa kuwa bila hilo tungebaki na lawama za pande mbili.

Ili kuelewa ni kwa nini saa zina uzito mkubwa kiasi hicho, inafaa kwanza kuangalia umbile la mahali penyewe. Kreta ya Ngorongoro ni shimo lililobaki baada ya mlima mkubwa wa volkano kudidimia zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Sakafu yake ina eneo la takriban kilomita za mraba 260, kuta zake zina kimo cha takriban mita 600, na ukingo wake uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Eneo zima la hifadhi, lililotengwa na Serengeti mwaka 1959 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979, lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 8,000, lakini mgeni wa siku moja huwa amekuja kwa ajili ya sakafu ile. Njia za magari za kufika huko chini ni tatu tu: ya Seneto ni ya kushuka, ya Lerai ni ya kupanda, na ya upande wa mashariki huruhusu pande zote mbili. Kila gari linatakiwa liwe limetoka kreta ifikapo saa 12:00 jioni. Kwa hiyo anayechelewa asubuhi hana mahali pa kufidia, kwa sababu mwisho wa siku umefungwa na sheria, na katikati yake kuna mteremko ambao haukimbiliki.

Jambo la pili ni hesabu ya fedha, ambayo abiria wengi hawaelezwi. Kwa tozo zilizokuwa zikitumika, mgeni mzima kutoka nje ya Afrika Mashariki alilipa kiingilio cha dola 60 za Marekani, na raia wa Afrika Mashariki shilingi 10,000, bila kodi ya ongezeko la thamani. Zaidi ya hapo kuna tozo ya gari kushuka kreta, dola 250, ambayo pamoja na kodi ya asilimia 18 hufika dola 295 kwa kila mara gari linaposhuka, liwe limebeba abiria mmoja au sita. Tozo hii ndiyo iliyozaa safari za kuchangia. Abiria wanne wakigawana dola 295, kila mmoja anabeba karibu dola 74. Wakiwa sita, kila mmoja anabeba karibu dola 49. Lakini katika kisa chetu bei ya kiti ilikuwa imekwisha kupangwa na kutangazwa, na raia wa Afrika Mashariki walipunguziwa ile tofauti ya kiingilio tu. Maana yake ni kwamba viti viwili vya mwisho vilipojazwa, waliokwisha kulipa hawakupata nafuu yoyote. Faida yote ilibaki ofisini. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili, kwa kuwa chanzo cha matatizo yote ya siku ile ni viti hivyo viwili.

Abiria wanne wa kwanza walikuwa wageni wawili kutoka Ujerumani, waliolala katikati ya mji, na ndugu wawili wa kike kutoka Mombasa, waliofikia kwa jamaa zao katika mtaa wa Sakina, hapohapo Arusha. Hadi jioni ya kuamkia safari, hao ndio waliokuwa orodhani, na mpango wa kuondoka mjini saa 12:00 asubuhi ulitosha kabisa. Jioni hiyo wakala mmoja aliipigia ofisi simu kuuliza kama kuna nafasi kwa mzee mmoja, mwalimu mstaafu kutoka Dodoma, na mkewe. Nafasi ilikuwepo, na ofisi ikakubali. Tatizo ni kwamba wazee hao walikuwa wamelala Usa River, ambako ni mashariki ya Arusha, ilhali Ngorongoro iko magharibi. Hakuna aliyewaomba wasogee mjini usiku ule au wapande gari la kukodi alfajiri hadi mahali pa kukutania. Mwongozaji alipewa orodha mpya ya kuchukua abiria, akaanza na Wajerumani saa 12:00 kamili kama walivyoahidiwa, akapita Sakina, kisha akaligeuza gari kuelekea Usa River, na kurudi kupitia mjini wakati barabara imejaa magari ya shule na ya kazini. Saa 1:35 gari lilikuwa limerudi katikati ya mji, mbele ya hoteli ileile lilipoanzia. Hapo wakasubiri dakika 15 nyingine, kwa kuwa maboksi ya chakula cha mchana yaliandaliwa kwa watu wanne na sasa yalitakiwa sita.

Waliondoka Arusha saa 1:50. Barabara kutoka hapo ni ya lami hadi Lodoare, lango la kuingilia hifadhini, ikipitia Makuyuni, Mto wa Mbu na Karatu, na safari yake, kwa gari linaloheshimu mwendo wa kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu, huchukua karibu saa tatu. Mwongozaji hakujaribu kukimbiza gari ili kufidia muda, na katika hilo alifanya sawasawa. Hata hivyo alisimama Mto wa Mbu kwenye duka la vinyago kwa dakika 35, kwa sababu ofisi ina utaratibu na duka hilo na ratiba yake ilimtaka apite hapo wakati wa kwenda. Wawili kati ya abiria walihitaji choo, jambo ambalo lingechukua dakika chache na lingeweza kufanyika kwenye kituo chochote cha mafuta. Kusimamisha wateja dukani wakiwa njiani kwenda, hali muda wa kreta unateketea, ni desturi mbaya ambayo sioni namna ya kuitetea. Wenye maduka wanahitaji wateja, nami nawatakia biashara njema, lakini mteja huyohuyo anaweza kuletwa jioni, akiwa ameshiba alichokifuata na hana haraka.

Walifika Lodoare saa 5:25. Hapo ndipo lilipotokea lile ambalo abiria wote walilikumbuka kuliko mengine. Malipo ya hifadhi hufanywa kwa njia ya kielektroniki kwa kutumia namba ya malipo inayotolewa kabla, na ofisi ilikuwa imetengeneza ankara ya watu wanne tu. Ya wawili walioongezeka ilianza kushughulikiwa asubuhi hiyo, gari likiwa barabarani. Ofisa wa lango aliomba uthibitisho wa uraia wa mzee na mkewe, kama ilivyo haki yake, kwa kuwa tofauti ya kiingilio kati ya raia na mgeni ni kubwa. Mama alikuwa na kitambulisho chake cha taifa. Mzee alikuwa amekiacha chake Dodoma. Akapiga simu nyumbani, binti yake akatafuta pasipoti kabatini, akaipiga picha na kuituma, mtandao ukasuasua, na hatimaye ofisa akaridhika. Wakati wote huo abiria wengine walikuwa wamesimama nje kwenye baridi, wakiwafukuza nyani wanaolizoea lango hilo kwa sababu ya chakula cha wageni. Mzee aliwaomba radhi wenzake zaidi ya mara moja. Mmoja wa wale dada wa Mombasa alimwambia, kwa heshima, «Usijali baba, ni mambo ya kawaida,» lakini Wajerumani walikuwa wakiangalia saa zao, na kuanzia hapo ndani ya gari ilijengeka imani kwamba siku imeharibiwa na kitambulisho kilichosahauliwa.

Tuifanye hesabu sasa, kwa kutumia daftari. Kama mambo yangekwenda kama yalivyopangwa, gari lingefika langoni saa 3:00, likatumia robo saa kukamilisha taratibu, na baada ya saa moja ya kupanda msituni, kuzunguka ukingo na kuteremka Seneto, lingekuwa sakafuni saa 4:15. Kwa uhalisia walikanyaga sakafu saa 7:15 mchana. Zilipotea dakika 180. Katika hizo, 95 zilipotea katika kwenda na kurudi Usa River, 15 katika kusubiri chakula, 35 dukani, na 35 langoni ukitoa ile robo saa ambayo ingetumika kwa vyovyote. Kwa hiyo tukio ambalo kila mtu aliliona kwa macho, na ambalo mzee aliombea radhi, lilichangia chini ya sehemu moja ya tano ya ucheleweshaji. Zaidi ya nusu ya hasara yote ilikuwa imekwisha kutokea kabla gari halijatoka Arusha, wakati abiria bado wanasinzia na hakuna anayehesabu. Na hata zile dakika 35 za langoni si za mzee peke yake. Ofisi inayopokea fedha za raia kwa bei ya raia inao wajibu wa kumwambia alete kitambulisho, tena impe nafasi ya kutuma nakala kabla ankara haijatolewa. Ofisi hii haikufanya hivyo. Ilichukua majina kwa simu kupitia wakala, saa za usiku.

Sehemu ya kisa inayonifurahisha kuiandika ni ile ya sakafuni, kwa sababu hapo mwongozaji alionyesha ustadi wa kweli. Kule ukingoni alikuwa amekwisha kuamua kutosimama kwenye sehemu ya kutazamia, kwani ukungu wa Juni ulikuwa umeifunika kreta yote na kusimama kungekuwa kutazama weupe mtupu. Aliwaahidi kwamba watakapopanda jioni, ukungu ukiwa umeondoka, watasimama. Baada ya kushuka, redio ya upepo ikatangaza kwamba kuna simba karibu na barabara. Walikuwepo kweli, wamelala, na magari mengine yamekwisha kujipanga. Wajerumani, mmoja wao akiwa na kamera yenye lenzi ndefu, walitaka kusubiri hadi simba waamke. Mzee alikuwa na maumivu ya goti na alitamani kufika mahali pa kushukia, na kwenye kreta abiria hawaruhusiwi kushuka garini isipokuwa kwenye vituo maalumu. Dada mmoja alitaka kumwona twiga.

Katika kundi dogo hali kama hii ndiyo mtihani mkubwa kuliko barabara. Mwongozaji dhaifu humfuata anayesema kwa sauti kubwa, au yule anayemtarajia kwa bahashishi. Huyu alisubiri dakika chache, akawasha gari na kuwapeleka Ngoitokitok, kwenye bwawa la viboko, ambako ni kituo cha kupumzikia chenye vyoo. Kwa kuwa mwewe wa hapo wana mazoea ya kunyakua chakula mkononi mwa mtu, aliwashauri wale chakula chao wakiwa ndani ya gari, kisha akazungumza nao kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Aliwaambia waziwazi kwamba muda uliobaki haufiki saa tatu, kwamba njia ya kutokea iko upande wa msitu wa Lerai, na kwamba kila mmoja ataje kitu kimoja tu ambacho akikikosa atasikitika. Hakuitisha kura. Kura katika kundi la watu sita humwacha mtu mmoja au wawili wakiwa wamesafiri bure, na kwa kawaida watakaoshindwa ni wazee au wanaoona haya kusema.

Aliyetaka twiga alielezwa kwamba kwenye sakafu ya kreta twiga hawapo, ingawa wako wengi kwingineko katika hifadhi. Kuta zile ni kali kwao na malisho yao ya juu ya miti huko chini ni haba. Badala yake dada huyo alitaja heroe (flamingo) wa Ziwa Magadi lililomo humo kretani. Wajerumani wote wawili walitaja faru. Mzee alitaja tembo wenye pembe ndefu, na mkewe pamoja na dada wa pili walisema wameridhika na viboko. Mwongozaji akavipanga vitu vitatu hivyo kwa kufuata njia ya kutokea: kwanza nyika ya wazi ambako faru huonekana, kisha ukingo wa ziwa, mwisho Lerai, ambako madume wazee wa tembo hupenda kukaa kwenye kivuli cha migunga ya njano na ambako barabara ya kupandia huanzia. Hapakuwa na kurudi nyuma hata mara moja.

Faru mweusi walimwona kwa darubini tu, mbali, akiwa doa jeusi lililosogea. Hapo alitumia dakika kadhaa kueleza kile walichokuwa wakikitazama, na Mjerumani mwenye kamera aliniambia kwamba maelezo hayo ndiyo yaliyomfanya asahau umbali: kwamba katika miaka ya 1960 kreta ilikuwa na faru zaidi ya 100, kwamba ujangili uliwafyeka hadi wakabaki chini ya 20 mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kwamba kila mnyama aliyebaki amelindwa na askari wanaolala porini. Heroe walikuwa wachache kuliko picha za matangazo, na mwongozaji alieleza kwamba idadi yao hufuata hali ya maji. Lerai walikuta madume wawili wa tembo karibu na barabara. Saa 10:30 walianza kupanda. Ukingoni ukungu ulikuwa umeondoka, wakasimama kama alivyoahidi, na kwa mara ya kwanza wakaiona kreta yote kwa pamoja.

Walikuwa wamekaa sakafuni saa tatu na robo. Mpango wa awali ulikuwa saa tano na robo, yaani kushuka saa 4:15 na kupanda saa 9:30; mwongozaji alirudisha saa moja kwa kuchelewa kupanda, jambo lililomfanya aendeshe gari gizani hadi Arusha akiwa kazini tangu kabla ya alfajiri. Hilo silisifu. Uchovu wa dereva kwenye mteremko wa Mto wa Mbu usiku ni hatari inayobebwa na kila aliyemo garini, na gharama ya makosa ya ofisi haikupaswa kuhamia kwenye macho ya dereva. Namwelewa alivyoamua, ila ningependa ofisi ione kwamba ile saa moja haikupatikana bure.

Malalamiko yaliandikwa na Wajerumani, na dada wa Mombasa wakayaunga mkono. Walidai nusu ya fedha zao. Ofisi ilijibu kwa sentensi inayotumika mara nyingi katika biashara hii, kwamba wanyama wako porini na hawana ratiba, hivyo kampuni haiwezi kuahidi kitakachoonekana. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni jibu la swali ambalo halikuulizwa. Abiria hawakulalamikia faru kuwa mbali. Walilalamikia saa mbili za kukaa sakafuni ambazo walizilipia na hawakuzipata, na muda wa kuwa sakafuni unategemea ofisi, mafuta, barabara na ankara, wala hautegemei faru.

Udhaifu mkubwa ulikuwa kwenye makubaliano yenyewe. Yalisema «siku nzima Kreta ya Ngorongoro» na yalitaja saa ya kuondoka Arusha, basi. Kwa maandishi hayo ofisi iliweza kudai imetimiza ahadi, kwa kuwa abiria wa kwanza alichukuliwa saa 12:00 kamili. Saa ya kuondoka haimsaidii abiria kama baadaye anazungushwa mjini kwa saa moja na nusu. Ahadi yenye maana kwa safari hii ni ya aina mbili: saa ambayo gari lenye abiria wote litakuwa limeutoka mji, na muda wa chini kabisa ambao abiria watakuwa sakafuni, ukiondoa dharura za barabara au kufungwa kwa njia na mamlaka. Ningependa pia mtu anayelipia kiti cha kuchangia aulize maswali mawili kabla hajatoa fedha, yaani abiria wa mwisho atachukuliwa wapi, na ankara ya hifadhi italipwa siku gani. Kampuni makini huyajibu mara moja. Na kwa raia wa Afrika Mashariki, kitambulisho kiwe mfukoni, pia nakala yake iwe kwenye simu.

Baada ya majibizano ofisi ilikubali kurudisha kwa abiria wanne sehemu yao ya tozo ya kreta, karibu dola 49 kwa kila mmoja. Nauona uamuzi huo kuwa wa haki kwa kiasi, kwa sababu tozo hiyo ndiyo iliyonunua kuwepo kwao sakafuni. Wenye ofisi wangeweza kudai kwamba saa mbili kati ya tano na robo ni pungufu ya nusu na hivyo abiria wamerudishiwa zaidi ya walichopoteza, lakini hesabu ya namna hiyo inasahau kwamba mtu hapandi gari kwa saa sita za kwenda na kurudi kwa ajili ya barabara.

Mzee na mkewe hawakurudishiwa chochote. Ofisi iliwaambia kwamba wao ndio waliosababisha ucheleweshaji langoni, nao, kwa sababu walikuwa wamekwisha kujilaumu, wakanyamaza. Hapa ndipo ninapotofautiana kabisa na uamuzi wa ofisi. Wazee hao walilipa bei ya kiti kama wengine, wakapata saa zilezile chache sakafuni, na walikuwa tayari mlangoni wakati gari lilipofika Usa River. Hata tukizihesabu dakika zote 35 za langoni kuwa zao, bado dakika 145 zilitokana na mipango ya ofisi, ikiwemo ile ya kuwapokea usiku bila kuwaambia wasogee mjini wala walete vitambulisho. Nimemshauri mzee aandike barua yake mwenyewe, aambatishe nakala ya ukurasa ule wa daftari, na adai kiasi kilekile walicholipwa wenzake, kwa ajili yake na kwa ajili ya mkewe ambaye kitambulisho chake kilikuwepo tangu mwanzo.